Kabla Hamjachagua Mahali pa Kubobea katika Tiba ya Maumivu: Barua ya Wazi kwa Madaktari Vijana Walioko Marekani

Wadogo zangu,

Nawaandikia ninyi madaktari mnaozungumza Kiswahili, mliotawanyika katika hospitali za Marekani, mnaomalizia ubingwa wa ganzi na usingizi, wa utengemao, wa mishipa ya fahamu au wa magonjwa ya akili, na ambao mmekwisha kuamua kuongeza mwaka mmoja wa ubingwa bobezi katika tiba ya maumivu. Wengine mlitoka Dar es Salaam na Nairobi na shahada zenu mkononi, wengine mlikuja na wazazi mkiwa watoto. Nawaita wadogo zangu kwa kuwa nimewatangulia katika kazi hii, na kwa kuwa mnanipigia simu kama mtu anavyompigia kaka yake.

Msimu wa maombi ukikaribia, swali lenu huwa moja: niende wapi? Mnanitajia vyuo vyenye majina, mnaniuliza ni wapi mwanafunzi anachoma sindano nyingi zaidi, wapi anaweka vifaa vingi zaidi mgongoni mwa watu. Kisha mnaniambia kwamba lengo lenu ni kliniki binafsi, ya kwenu wenyewe au ya kushirikiana na wenzenu. Lengo hilo ni halali kabisa, na mimi mwenyewe ndiko ninakopatia riziki. Kwa sababu hiyo hiyo nasema wazi kwamba kipimo mnachotumia kuchagua hakifai.

Kliniki binafsi hulipwa kwa sindano iliyochomwa. Daktari akimpima mgonjwa nusu saa, akaona sindano haitamsaidia, akamweleza ukweli na kumrudisha nyumbani, malipo yake ni ya kuonana na mgonjwa tu, na hayatoshi kulipa kodi ya jengo wala mishahara. Mwaka wa ubingwa bobezi ndio mwaka wenu wa mwisho ambao mshahara hauongezeki wala kupungua kwa uamuzi mnaoufanya juu ya mgonjwa. Tafuteni mahali patakapoutumia mwaka huo kuwafundisha ni nani asichomwe. Mengine yote ninayoyasema hapa yanafuata nyuma ya hilo.

Tiba hii haikuanza kama kazi ya sindano. John Bonica, aliyezaliwa mwaka 1917 katika kisiwa cha Filicudi huko Italia na kujilipia masomo ya udaktari Marekani kwa kupigana mieleka, alikuwa daktari wa ganzi katika hospitali ya jeshi ya Madigan, jimbo la Washington, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliletewa majeruhi ambao maumivu yao yaliendelea baada ya vidonda kupona, na ganzi yake ikashindwa kuwasaidia. Akaanza kuwaita madaktari wa fani nyingine wakae pamoja na kumzungumzia mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 1953 alitoa kitabu kikubwa juu ya tiba ya maumivu, na kuanzia mwaka 1960 akajenga huko Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, kliniki ambamo daktari wa ganzi, wa mifupa, wa mishipa ya fahamu na wa akili walimwona mgonjwa yule yule. Kliniki za namna hiyo zilienea, kisha zikapungua, kwa sababu kampuni za bima hazikupenda kumlipa mwanasaikolojia na mtaalamu wa mazoezi kukaa na mgonjwa kwa wiki kadhaa, ilhali sindano moja iliandikiwa malipo bila shida. Fani mnayoingia leo imeumbwa na uamuzi huo wa walipaji kama ilivyoumbwa na sayansi. Mwombaji anayelijua hili anaulizia mambo tofauti kabisa siku ya usaili.

Kwanza kuna suala la ithibati, na hapo sitakaa sana. Programu iliyoidhinishwa na baraza la ithibati ya mafunzo ya madaktari, ACGME, ni ya miezi 12 na ndiyo inayokufungulia mlango wa mtihani wa bodi. Bodi ya madaktari wa ganzi ilianza kutoa cheti hicho mwaka 1993, na bodi nyingine zikajiunga baadaye. Ziko pia programu zisizo na ithibati hiyo, nyingi zikiendeshwa na kliniki binafsi za mgongo, na baadhi yake zinafundisha vizuri. Chache zinatambuliwa na jumuiya ya madaktari wa mgongo ya Amerika Kaskazini. Kwa mtu anayetaka kliniki binafsi zinavutia, maana anaiona biashara yenyewe ikiendeshwa. Lakini bila cheti cha bodi utakwama kwenye kamati za hospitali na kwenye mikataba ya bima. Na aliye na viza ya J-1 asizifikirie kabisa, kwa kuwa kwa kawaida viza hiyo hudhaminiwa kwa mafunzo yenye ithibati. Nendeni kwenye iliyoidhinishwa.

Pili, jipimeni wenyewe kabla ya kuzipima programu. Aliyetoka kwenye ganzi ana mkono mwepesi wa sindano na haogopi presha ya mgonjwa inaposhuka mezani, lakini amezoea wagonjwa waliolala. Kumpima mtu aliyesimama, kumtazama anavyotembea, kumkunja goti na nyonga, ni mambo aliyoyaacha mwaka wa kwanza. Aliyetoka kwenye utengemao anayajua hayo vizuri, ila hajawahi kuokoa njia ya hewa peke yake. Wa mishipa ya fahamu anachambua ganzi ya mguu kuliko sisi wote, na wa akili anasikia msiba uliojificha nyuma ya maumivu ya kiuno. Kila mmoja wenu anavutiwa na programu inayoongozwa na watu wa fani yake, kwa sababu anaongea nao lugha moja. Fanyeni kinyume. Tafuteni walimu wenye kile mlichokikosa, kwa maana kwenye kliniki yako hutakuwa na mtu wa kumwita kutoka chumba cha pili.

Nataka mwelewe ninachokisema kwa mfano wa mgonjwa mmoja, mama wa Kikongo anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama. Wakimbizi wa Kongo ni wengi katika miji ya viwanda vya nyama, na mtakutana nao. Mama huyu alikuja kwangu na picha ya MRI inayoonyesha diski zilizobonyea katika pingili mbili za kiunoni, na barua ya kliniki aliyotoka ikisema alikwishapata sindano za epidurali mara tatu na sasa anafaa kwa ya nne. Nikamwuliza kwa Kiswahili anashindwa kufanya nini. Akasema anashindwa kufunga viatu, na kuingia kwenye gari ni mateso. Nikamwomba anionyeshe kwa mkono mahali panapouma, akashika kinena. Nikamlaza, nikakunja goti lake na kuzungusha paja kwa ndani, akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Eksirei ya nyonga ilionyesha gegedu imekwisha. Mgongo wake ulikuwa wa mtu yeyote wa umri wake, maana picha ya MRI ya watu wengi wa makamo huonyesha diski zilizobonyea hata wasipoumwa. Sindano zote tatu zilikuwa zimechomwa mahali pasipo na ugonjwa, na kwa taarifa nilizoziona zilichomwa kwa ufundi mzuri sana.

Daktari aliyemchoma hakukosa mafunzo ya mkono. Alikosa mahali alipofundishwa kumwona mgonjwa yule yule tena baada ya sindano ya kwanza kushindwa, na kuulizwa na mwalimu wake, “Sasa kwa nini ilishindwa?” Ndiyo maana nawaambia, swali muhimu kuliko yote kwenye usaili ni hili: mgonjwa niliyemchoma Septemba, nani atamwona Desemba? Zipo programu ambamo mwanafunzi anashinda chumba cha sindano kuanzia asubuhi hadi jioni, wagonjwa wanaletwa wakiwa wamekwisha kupimwa na mtu mwingine, na hatawaona tena. Anamaliza mwaka na hesabu ya kujivunia, na hajui hata mmoja wao aliendeleaje. Zipo nyingine ambamo ana kliniki yake siku moja au mbili kwa wiki, mwaka mzima, na wagonjwa wanarudi kwake wakiwa wamepona, au wakiwa vile vile, au wakiwa na hasira. Hiyo ya pili ichukueni hata kama jina lake halijulikani nyumbani kwenu.

Sisemi mkono si kitu. Sindano ya shingoni haina msamaha. Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba steroidi inayochomwa kwenye nafasi ya epidurali inaweza, kwa nadra, kuleta kiharusi, upofu, kupooza na hata kifo. Hatari ni kubwa zaidi pale chembe za dawa zinapoingia kwenye mshipa wa damu unaolisha uti wa mgongo au ubongo. Kwa hiyo mnapotembelea programu, ombeni kusimama chumbani sindano ya shingo inapochomwa. Tazameni kioo cha eksirei wakati rangi inapoingizwa. Ikikaa na kufuata mshipa wa fahamu, kazi inaendelea. Ikitokea ikakimbia na kupotea ghafla, imeingia kwenye damu, na hapo ndipo mtakapomjua mwalimu. Mwalimu wa kweli huondoa sindano, huvua glovu, humweleza mgonjwa, na kwa siku hiyo shughuli imekwisha, hata kama kuna wengine sita wanaosubiri nje. Mkimwona anayejaribu tena na tena kwa sababu ratiba imebana, ondokeni na shukrani zenu.

Vivyo hivyo kwa vichocheo vya umeme vinavyowekwa mgongoni. Mgonjwa hujaribishwa kwanza kwa siku chache, kwa kawaida zisizozidi wiki, ndipo kifaa cha kudumu kinawekwa. Ni tiba yenye nafasi yake. Nimewaona watu wenye maumivu ya mguu baada ya upasuaji wa mgongo wakirudi kwenye bustani zao. Lakini ni kifaa cha bei kubwa, na wakala wa kampuni inayokiuza huwa yumo chumbani, ndiye anayekipanga kwa kompyuta yake, na mara nyingi ndiye aliyeleta chakula cha mchana. Ulizeni ni nani anayewafundisha wanafunzi kukipanga, mwalimu au wakala. Ulizeni ni vifaa vingapi programu hiyo imeviondoa mgongoni mwa wagonjwa, si ilivyoviweka tu. Na kabla ya kwenda, fungueni tovuti ya serikali iitwayo Open Payments, ambayo tangu 2014 inachapisha fedha ambazo kampuni za dawa na vifaa huwapa madaktari. Andikeni majina ya walimu wenu watarajiwa msome. Mwalimu kulipwa na kampuni si kosa, huenda anafanya utafiti wa maana. Ila mkikuta walimu wote wa mahali fulani wanalipwa na kampuni ile ile moja, mtakuwa mmejua mtakachofundishwa.

Sasa niseme juu ya biashara, maana najua ndilo mlilokuwa mkilingojea. Katika hospitali ya chuo kichupa cha dawa kinakuja mezani na hujui kimetoka wapi. Katika kliniki yako wewe ndiye unayetia saini ya kukinunua. Mwaka 2012 steroidi iliyotengenezwa na New England Compounding Center ya Massachusetts ilikuwa na kuvu. Watu zaidi ya 750 katika majimbo 20 waliugua na zaidi ya 60 wakafariki, wengi wao wakiwa wamekwenda tu kutibiwa maumivu ya mgongo kwenye kliniki za nje. Madaktari waliowachoma hawakukosea sindano. Programu inayowaandaa kwa kazi binafsi lazima iwapeleke, japo kwa wiki chache, kwenye kituo kisicho cha hospitali, mkae na anayeagiza dawa, na anayepima mionzi ya eksirei mnayoipokea, na anayepigania kibali cha bima.

Mkae hasa na watu wa madai ya bima. Medicare, kwa mfano, haikubali kulipia kuunguza mishipa midogo ya fahamu ya viungo vya pingili mpaka mgonjwa awe amechomwa ganzi ya majaribio mara mbili, na kila mara amepata nafuu ya asilimia 80 au zaidi. Sindano za epidurali kwa sehemu moja ya mgongo hazizidi vipindi vinne ndani ya miezi 12. Daktari aliyefunzwa vizuri hazioni kanuni hizi kama adui tu. Anaandika kwenye faili nafuu ilikuwa kiasi gani, ilidumu saa ngapi, na mgonjwa aliweza kufanya nini asichoweza kabla. Maandishi hayo yanamlinda mgonjwa asichomwe ovyo, na yanakulinda wewe siku wakaguzi watakapotaka fedha yao irudishwe. Kwenye usaili ulizeni kama kuna mtu anayesoma faili za wanafunzi na kuzikosoa. Mahali pengi hakuna.

Na msikubali programu inayojisifu kwamba haishughuliki na dawa za jamii ya afyuni. Najua linavutia. Nchi hii imezika watu wengi mno tangu OxyContin ilipoingia sokoni mwaka 1996, na majimbo kama Florida yalilazimika kutunga sheria za kuziandikisha kliniki za maumivu baada ya nyingine kugeuka maduka ya vidonge. Lakini siku utakayofungua mlango, atakuja mtu ambaye daktari wake amestaafu au amefungiwa, yuko kwenye dozi kubwa kwa miaka, na chupa inaisha Ijumaa. Utafanya nini? Mwongozo wa CDC wa 2016 juu ya dawa hizo ulitumiwa vibaya na wengi, watu wakakatiwa dawa ghafla, hata FDA ikaonya mwaka 2019 juu ya madhara yake, na CDC yenyewe ikaurekebisha Novemba 2022. Tangu mwisho wa mwaka huo kibali maalumu cha kuandika buprenofini kwa wenye uraibu kimefutwa, kwa hiyo huna kisingizio cha kutoijua. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, katika kesi ya Ruan ya Juni 2022, iliyohusu madaktari wa maumivu, ilisema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba daktari alijua au alikusudia kuandika dawa nje ya mamlaka yake. Ni kinga, ila haimfai asiyejua kupunguza dozi taratibu, kusoma kumbukumbu za dawa za jimbo, na kumtambua mraibu bila kumdhalilisha. Haya hufundishwa na mwalimu anayewahudumia wagonjwa hao kila wiki, na hasa katika kliniki zinazopokea Medicaid. Programu inayowachagua wenye bima nzuri pekee itawanyima nusu ya elimu.

Kwa mlio na viza, neno fupi. J-1 inakutaka urudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa ukipata msamaha. Njia inayotumiwa sana ni Conrad 30, ambapo kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka na unatumikia miaka mitatu penye upungufu wa madaktari. Huruhusiwi kufanya kazi za ziada ukiwa mafunzoni, hivyo msipange bajeti kwa fedha hizo. Na kwa sababu ya miaka hiyo mitatu, kliniki yenu ya kwanza huenda ikawa ya mwajiri kwenye mji mdogo, na mkataba wake ndio utakaowaonyesha ugumu. Someni kifungu kinachokataza kufanya kazi jirani baada ya kuondoka. Tume ya biashara ya serikali kuu ilijaribu kuvipiga marufuku vifungu hivyo Aprili 2024, jaji wa Texas akaizuia Agosti ya mwaka huo huo, na mambo yamebaki kutegemea jimbo. Someni pia ni nani atakayelipia bima ya madai yatakayokuja baada ya kuondoka kwenu. Mlipeni mwanasheria. Programu nzuri humwalika mwanasheria wa namna hiyo kuzungumza na wanafunzi kabla ya Krismasi, iulizeni.

Nina ombi moja. Kabla hamjaituma orodha yenu kwa NRMP, wanaowapanga waombaji kwenye programu, katika kila programu mtafuteni mhitimu aliyemaliza miaka miwili au mitatu iliyopita na sasa yuko kwenye kliniki binafsi. Asiwe yule mliyepewa namba yake na programu. Mpigieni jioni, akiwa amemaliza kazi. Mwulizeni ni mgonjwa gani wiki hii alikataa kumchoma, alimweleza nini, na nani alimfundisha kukataa. Akimtaja mwalimu wake bila kufikiri, programu hiyo iwekeni juu. Akikosa cha kusema, ishusheni, hata kama jina la chuo hicho ndilo mama zenu watakalopenda kulitaja kwa majirani.

Ni mimi kaka yenu katika kazi,
Daktari wa maumivu, Marekani